Mkono wa Jumwa

Mfuniko wa kopo ulifunguka kwa mpini wa kijiko, tak, na Jumwa akatulia kidogo asikilize kama mwanawe ameamka. Ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri, hapo Mwabungo, na kuku walikuwa bado kimya. Ndani ya kopo hilo, ambalo zamani lilikuwa la maziwa ya unga, zilikaa dawa za Nzai. Siku nyingine zote Jumwa alimpa kidonge pamoja na maji ya vuguvugu. Siku ya damu hakumpa. Alikifunga katika kipande cha karatasi, akakitia katika mfuko wa shati lililoning'inia mlangoni, akaubana mfuko kwa pini.

Ndivyo walivyoambiwa. Mtu aliyepandikizwa figo humeza dawa asubuhi na jioni ili mwili usimkatae mgeni. Dawa ikipungua figo hufa, na ikizidi figo hufa vilevile. Ili kujua kiasi chake, damu lazima itolewe asubuhi kabla ya kumeza. Kwa hiyo Nzai alikwenda hadi maabara ya hospitali moja ya mjini Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni na kidonge kikiwa mfukoni, akaketi kwenye foleni kungoja jina lake. Mara nyingi jua lilikuwa limeshapanda ndipo alipomeza.

Figo ilikuwa ya Jumwa. Alimpa mwanawe kabla hajaombwa. Kisha akahama Taru, alikomwacha mumewe kaburini na mbuzi kwa shemeji yake, akaja pwani kumtunza kijana. Alikuja na mbegu zake za mahindi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kujenga uchaga jikoni, ile dari ya fito juu ya mafiga ambayo watu wa kwao huanikia mbegu zikauke kwa moshi na zisiliwe na wadudu.

Asubuhi hiyo ya kopo, Musyoki, mtoa damu wa maabara, alimfunga Nzai mpira mkononi, akautafuta mshipa, akaupata, akachoma. Chupa haikuingia kitu. Akajaribu mkono wa pili. Sindano ilikuwa ndani ya mshipa barabara, lakini palikuwa pakavu.

Wakati uleule Jumwa alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Damu ilimtoka ndani ya kiwiko, ikatona katika bakuli. Ilitoka kiasi cha kujaza chupa mbili, kisha ikakoma. Alifunga mkono kwa kitambaa, akawamwagia kuku ile nazi, akapasua nyingine, kwa sababu Nzai angerudi na njaa.

Jioni waliulizana saa, wakaelewa.

"Figo inajua kwao," Jumwa akasema.

"Sasa itakuwaje, mama?"

"Itakuwa tutakwenda wote. Feri si ni bure?"

Safari iliyofuata walikwenda wote. Nzai alimweleza Musyoki, na Musyoki, aliyekuwa mtu wa Kitui na hakupenda maneno mengi asubuhi, alisikiliza huku akichana pamba.

"Sawa," akasema. "Kijana akae hapa, mama akae hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ungependa mkono upi?"

Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kumwuliza Jumwa angependa nini. Alifikiri kidogo, akatoa wa kushoto, maana wa kulia ndio wa kukunia nazi. Ilitosha Nzai aketi karibu na kukunja mkono wa shati. Damu ilitoka kwa Jumwa, na kwenye chupa likaandikwa jina la Nzai. Majibu yalipokuja yalionyesha dawa ambayo Jumwa hakuwahi kuimeza hata mara moja, tena kwa kiasi kinachofaa. Daktari aliridhika, akasema kijana anafuata masharti.

Wakaendelea hivyo. Lakini maabara haikuchukua damu mara moja ikatosheka. Siku nyingine waliambiwa damu imeganda, warudi. Siku nyingine mashine ilikuwa mbovu, na damu iliyokwisha kutolewa ikamwagwa. Jumwa alikuwa amebaki na figo moja, na mwili wake ulikuwa mdogo tangu ujana. Mkono wa kushoto ukapiga weusi, ukafuata wa kulia. Musyoki alianza kuja kazini na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, akamwekea kiwikoni mishipa ipate kuamka. Askari wa mlangoni, Kitsao, alimpa kiti chake mwenyewe, naye akasimama hadi mchana. Jumwa hakuwasahau hao. Kila safari aliwaletea muhogo wa kuchemsha, wakala kwa zamu nyuma ya jengo.

Hali ikiwa hiyo, ndipo alipokuja Cynthia. Alikuwa muuguzi kijana wa mradi mmoja, mzaliwa wa bara, anakaa Ukunda. Aliketi jikoni kwa Jumwa, akatoa kadi nyeupe yenye viduara, na kisindano kilichofichwa ndani ya plastiki kama mwiba wa samaki.

"Shosho, ni tone moja tu," alisema. "Unadunga kidole, tone linaanguka ndani ya duara, unaanika, unatia kwenye bahasha. Bahasha inaenda yenyewe. Nyinyi mnabaki nyumbani."

"Mimi si shosho, mimi ni mama Nzai," Jumwa akasema. "Ushosho utakuja huyu akioa."

Nzai akatazama nje.

"Na hiyo kadi naianika wapi?"

"Mahali pakavu kabisa, mama Nzai. Pakavu kabisa."

Asubuhi ya damu ya kwanza Jumwa alitoa kidole chake, Nzai akabonyeza, tone likaanguka. Lilikuwa dogo kuliko lile la kujikata kwa kisu cha mboga. Kabla ya jua kuchomoza Nzai alikuwa amemeza dawa yake kwa chai ya moto, na kwenda kazini Diani alikokuwa akitunza bustani ya hoteli. Jumwa alikaa kizingitini na mikono yake miwili mapajani. Hakuwa na safari. Siku ile alilala mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu amzae Nzai.

Miezi ikapita vizuri. Weusi ukamtoka mikononi. Kisha Cynthia akawaita wagonjwa wa upande ule kwenye kibaraza cha zahanati moja huko Msambweni, apate kuwauliza wanapenda damu itolewe vipi. Walikuja wachache. Alikuwepo Kaindi, mshonaji kutoka mashamba waliyogawiwa watu wa bara, aliyepewa figo na dada yake. Alikuwepo Abdurahman wa Funzi, anayewatembeza watalii kwa mashua, na figo yake ilitoka kwa mkewe.

"Mimi napenda ya mkono," Kaindi akasema. "Kwa mkono nageuza uso ukutani, dhambi anaifanya mtu mwingine. Hii ya kidole najidunga mwenyewe kama adui yangu. Na kidole ndicho kinasukuma kitambaa kwa cherehani!"

"Si utumie cha mwisho, kile kisichofanya kazi?" Abdurahman akamwambia.

"Wewe nyamaza. Si ni wewe ulidunga meza?"

"Nilifumba macho," Abdurahman alikiri. "Nikangoja, nikangoja. Meza haikutoa hata tone."

Walicheka mpaka Cynthia akaacha kuandika. Abdurahman alipofuta macho, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Lakini mimi nachagua kidole, wallahi. Zile siku za Mombasa nilikuwa naondoka Funzi jana yake, nalala kibarazani kwa watu hapo Likoni. Narudi sina nguvu ya kumwambia mke wangu hata hujambo. Sasa nadunga, nameza, nakwenda kazini. Alhamdulillahi. Msije mkatuondolea."

Ikafika zamu ya Nzai. "Mimi hainiumi yoyote," akasema. "Muulizeni mama."

Cynthia aliyapitia maswali yake. Yote yalikuwa ya waliopewa figo. "Samahani sana, mama Nzai," akasema, na alionekana kuona haya kweli. "Hapa tumeambiwa tuwahoji wagonjwa."

"Si neno, mwanangu," Jumwa akajibu. Alikuwa akimpepea Kaindi kwa ncha ya leso, maana palikuwa na joto.

Masika yalikuja na mvua isiyojua kupumzika. Chumvi ililia ndani ya kikombe, viatu viliota ukungu chini ya kitanda. Siku ya damu tone lilianguka vizuri kwenye duara, Nzai akameza dawa, akatoka. Jumwa aliiweka kadi mezani kama kawaida. Saa zikapita, na tone likabaki linang'aa. Aliipeleka dirishani, dirishani kulikuwa kubaya zaidi. Alikumbuka neno la Cynthia: mahali pakavu kabisa. Katika nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu pakavu kabisa, napo palijengwa kwa mikono yake. Alipanda juu ya kigoda, akailaza kadi uchagani katikati ya mahindi ya mbegu. Kisha akachochea moto wa makumbi ya nazi, moto mdogo usio na moshi mwingi, akaketi kuulinda hadi adhuhuri. Hakutoka hata kwenda kisimani.

Kadi ilikauka vizuri mno. Tone liligeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Jumwa aliitia bahashani, akaridhika nayo.

Majibu yakasema dawa mwilini ni kidogo mno. Sauti kwenye simu ikamwamuru Nzai ameze mara mbili ya kawaida. Akameza. Jumwa ndiye aliyemhesabia vidonge kiganjani. Baada ya muda mikono ya Nzai ikaanza kutetemeka hata chai ikamwagika kabla ya kufika mdomoni. Hotelini akakata maua badala ya magugu, wakamrudisha nyumbani. Mkojo ukawa haba. Wakampeleka mjini akalazwa, na Musyoki akapanda hadi wodini na taulo lake la moto. Damu aliyoitoa mkononi mwa Jumwa ilionyesha dawa iliyozidi vibaya. Figo ilikuwa imeungua upande mmoja, daktari akasema, kama wali.

Cynthia alikuja wodini akauliza kadi ilianikwa vipi. Jumwa alimweleza kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Alimwonyesha kwa mikono urefu wa uchaga na ukubwa wa moto.

Kalamu ya Cynthia ikasimama. "Moto, mama?"

"Moto mdogo. Wa makumbi."

Cynthia alitoa kadi begini, akaigeuza. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba joto huila dawa iliyomo kwenye tone, na kwamba jambo hilo limeandikwa nyuma ya kadi, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. "Nilipaswa kukwambia mimi," akasema. Jumwa alimshika mkono, akaupapasa, maana msichana alikuwa akilia na yeye bado hajapata nafasi ya kulia.

Hakuna aliyemkemea Jumwa. Wiki chache baadaye Cynthia alizunguka kukusanya kadi, kuanzia Mwabungo hadi Funzi.

"Wakubwa wamesema watu hawawezi kazi hii wakiwa nyumbani," alieleza mlangoni.

"Si waseme mimi ndiye siwezi?" Jumwa akauliza. "Abdurahman anaweza. Kaindi anaweza, hata akilalamika. Wanichukulie mimi yangu, wao wawaachie."

"Nimewaambia hivyo hivyo."

"Wakajibuje?"

"Wakasema mradi ulikuwa umefika mwisho hata hivyo. Walichotaka kujua wamekijua."

Jumwa aliingia ndani, akazitoa kadi zilizobaki. Zilikuwa safi, zimefungwa katika mfuko wa plastiki zisipate unyevu. Akampa pamoja na mafungu mawili ya mchicha.

Safari za Mombasa zikarudi, na sasa zilikuwa nyingi kuliko mwanzo, kwa kuwa figo iliyoungua ilitaka kuangaliwa kila wiki. Damu ikaganda, ikarudiwa. Mashine ikaharibika, ikarudiwa. Jumwa alikuwa akisimama katikati ya kuosha vyombo, anaegemea ukuta, kisha anaendelea. Akimwinulia mtu mkono juani, mwanga ulipita.

Abdurahman alikwenda safari chache, akaacha. Mkewe alisema mumewe amechoka kulala nje Likoni, na kila mara husema atakwenda wiki ijayo. Habari ya kifo cha Abdurahman ilifika Mwabungo siku ya Ijumaa. Siku hiyo Jumwa hakula. Alipanda kigoda, akauvunja uchaga fito moja moja, akaziweka nje kwenye mvua.

"Leo siendi," Nzai alisema asubuhi moja. Alikuwa ameketi kitandani, shati likiwa mkononi.

"Utakwenda."

"Mama, tazama mkono wako. Umekuwa kama kuti kavu."

"Kuti kavu ndilo linaloezeka nyumba. Vaa shati."

"Ikifa hii figo, si ife? Tulikuwepo kabla yake."

"Wewe ulikuwepo ukifa," Jumwa akasema. "Nilikuwa nakuona. Vaa shati, Nzai, feri haitungoji."

Alivaa. Siku ile Musyoki alichoma mara nne kabla ya kupata mshipa, na kila alipokosa aliomba radhi. Jumwa alimwambia asijali, akamwuliza habari za mke wake aliyekuwa mja mzito. Walirudi nyumbani alasiri. Jumwa aliketi kwenye kigoda chake jikoni avue viatu, akavua kimoja, hakuvua cha pili.

Walimpeleka Taru, wakamzika kando ya mumewe katika udongo mwekundu uliowashinda wachimbaji wawili. Kaindi alisafiri usiku kucha kutoka mashambani na gauni alilomshonea. Alilitia mikono mirefu yenye kubanwa kwenye vifundo, ili mtu yeyote asiuone ule weusi.

Siku ya damu iliyofuata Nzai alikwenda peke yake. Musyoki alichoma mkono wa kushoto, palikuwa pakavu. Wa kulia, pakavu.

"Mama yuko wapi?"

"Tumemzika Taru."

Musyoki alivua glavu zake, akampa Nzai mkono. "Pole sana, ndugu yangu. Alikuwa mama yetu hapa." Kisha akatazama saa ya ukutani. "Basi keti, tumngoje kidogo. Kutoka Taru ni mbali."

Nzai aliketi. Wagonjwa wengine waliitwa, wakatolewa damu, wakaondoka. Karibu na saa nne Jumwa aliingia mlangoni, miguu imejaa vumbi jekundu. Kitsao aliinuka akampa kiti. Jumwa alikuwa amechelewa kwa sababu ya kuwasalimia watu wote wa kwenye foleni, mmoja mmoja, na kuwauliza walikotoka.

"Shikamoo, mama," Musyoki akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mkeo amejifungua?"

"Msichana."

"Mungu amkuze."

Mkono wa gauni ulikuwa umeshonwa kwa kubana, ikabidi Musyoki afumue nyuzi za Kaindi kwa ncha ya mkasi, polepole, asichane kitambaa. Alimwekea taulo la moto kwa muda mrefu kuliko zamani. Damu ilitoka nzito na baridi, lakini ilitoka. Msimamizi wa maabara alipita, akasimama, akauliza kama jina lililo kwenye chupa ni sahihi. Lilikuwa la Nzai, na Nzai alikuwa hai, kwa hiyo hapakuwa na tatizo. Akaenda zake.

Walingoja kwenye benchi la nje. Nzai alikifungua kipande cha karatasi, akameza kidonge bila maji. Mikono yake bado ilitetemeka, na Jumwa akaishika yote miwili mpaka ikatulia.

Dirisha la majibu lilipofunguliwa, Musyoki hakutaka waitwe kwa kipaza sauti. Alitoka mwenyewe akachuchumaa mbele yao.

"Imeganda," akasema. "Wanasema mrudi Jumatatu."

Jumwa aliitikia kwa kichwa. Alijiinua kwa kushika ukingo wa benchi, akateremsha mkono wa gauni uliofumuliwa, akautengeneza ukosi wa shati la mwanawe.

"Jumatatu utaweza, mama?" Nzai aliuliza. Hakuwa anamtazama.

"Nitakuja. Nitatoka mapema."

"Na Jumatatu wakisema tena?"

"Nitakuja tena. Wewe usiache kuketi pale." Alitazama barabara, ambako malori ya bara yalikuwa yakipita. "Ila tangu mnizike hujarudi Taru."

"Kila ninachopata kinaishia hapa, mama. Na nguvu pia zinaishia hapa."

"Najua. Sikulaumu." Alimfuta vumbi begani, ingawa vumbi lilikuwa lake. "Lakini uje tena unitembelee, mwanangu. Uje siku isiyo ya damu, tukae tu."